Moshi wa Tanuru la Pili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, fundi wa vipimo alimaliza kupanda ngazi za bomba la moshi la tanuru la pili, akafuta kioo cha mashine ya kupimia moshi kwa kitambaa, akasoma sifuri. Akaigonga kwa kidole. Sifuri. Chini yake mkanda ulikuwa unapeleka makaa ya mawe tanuruni kama kawaida. Vichujio vya majivu vilikuwa vimezimwa tangu mwaka juzi, maana vinakula umeme, na mkuu wa kituo hicho cha kufua umeme alipenda umeme wote uuzwe.

Moshi ulikuwepo. Ulitoka bombani mweusi tititi, ukapanda kidogo, ukajikunja, ukashuka ukifuata barabara ya lami hadi nyumba za wafanyakazi, ukaingia dirisha la nyumba ya nne. Ndiyo nyumba yake.

Alishuka, akakimbilia nyumbani. Alimkuta mama yake kitandani, anashona kifungo cha shati. Moshi ulikuwa unamwingia puani, mwembamba kama uzi, bila kelele.

“Tangu lini, mama?”

“Tangu alfajiri. Funga mlango, mwanangu, unaniingizia vumbi.”

“Unaumwa?”

“Nimeshiba tu.”

Mwezi haujaisha, nguo zilizoanikwa mtaani zikawa zinakauka nyeupe pee. Majirani walipita kushukuru. Mama akazidi kuwa mzito. Kitanda cha mbao kilikatika katikati, na wanaume sita walishindwa kumgeuza. Akipiga chafya, majivu yanajaa beseni. Sauti yake ikawa inatoka mbali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Fundi aliandika ripoti tatu, zote za mstari mmoja: vichujio viwashwe, mama yangu anajaa.

Baada ya ripoti ya tatu, mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, na kitanda cha chuma na cheti cha hewa safi kilichotiwa fremu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.”

Neno hilo lilitoka na vumbi jeusi lililotua kwenye shati la mgeni. Akajipangusa taratibu, akamgusa mama begani. Bega lilikuwa gumu kama jiwe.

“Amebakiza nafasi kiasi gani?” alimuuliza fundi.

“Wiki mbili. Zikizidi sana, tatu.” Alikuwa ameshampima, ndiyo kazi yake. “Vichujio, mkuu.”

“Vile vinatumia umeme mwingi, ndugu yangu.” Mkuu alifikiri kidogo. “Mama ana mdogo wake?”

Fundi alitaka kusema hapana. Lakini kwa miaka kumi na tisa ya kazi, kila mara mkuu alipomuuliza kitu, alikuwa anajibu kilichopo.

“Anaye,” alijisikia akisema. “Mama mdogo anakaa mtaa wa pili.”

Mama aligeuza macho polepole, akamtazama mwanawe, na hakuyaondoa. Mkuu alikuwa ameshatoa kalamu. Akauliza namba ya nyumba.