Sangara Aliyeniosha Mkono

Usiku wa kuamkia leo niliota ziwa limehamia barabarani, mbele ya nyumba yangu hapa Musoma. Hakuna aliyeshangaa. Watu walikunja suruali wakavuka kwenda dukani.

Mimi na shemeji yangu Masatu, kaka wa mke wangu, tunavua sangara kwa kukokota. Boti inatembea taratibu, chambo kinafuata nyuma kwenye kamba ndefu, sangara anakiona kinapita, anakirukia. Ndiyo kazi yenyewe. Lakini tangu masika yaanze hatujapata samaki wa kumwonyesha mtu, na mwenye kosa nilishamjua. Anayeshika usukani ni Masatu. Nililala nimeamua asubuhi nimwambie tuachane, yeye achukue mashine, mimi nibaki na boti.

Basi kwenye ndoto tuko kazini, katikati ya lami. Masatu yuko nyuma kwenye mashine. Hana kichwa, ana kofia tu.

"Mwendo gani, shemeji?" kofia inauliza.

"Mwendo wa mtu anayekwenda ukweni," namjibu, kama ninavyomwambia kila siku.

Boti inasimama. Inavaa koti. Inabana jogoo kwapani, inaanza kutembea polepole, na kwenye kila nyumba inaita, "Hamjambo hapa?"

"Hapo sawa," nasema.

Nafungua ndoo ya chambo. Ndani kuna watatu, wamekaa kwenye viti: kisamaki furu mzima anayepumua, samaki wa mti niliyemchonga mwenyewe, na kijiko. Hicho kijiko mke wangu Nyangeta alikitafuta nyumba nzima. Nilikata mpini, nikakitoboa, king'ae majini.

"Maji yana tope leo," nawaambia. "Anakwenda anayeng'aa. Kijiko, simama."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Nimelisha wanao wote uji. Sijawahi kumpelekea mtu kitu kinachonuka."

"Kinanuka nini?"

Furu anatazama juu. Samaki wa mti anajifanya mti.

Sina muda wa kubembeleza kijiko. Nakitupa, na kamba inaanza kushuka. Sheria ni kushusha chambo mpaka alipo samaki, kwa hiyo kamba inashuka ngazi, inapita sakafu moja, nyingine, inabisha hodi kwenye mlango. Sauti inasema, "Karibu." Kamba inanitazama. Naona aibu, naingia mimi.

Ni jikoni kwangu. Kwenye kigoda amekaa sangara mkubwa kama ng'ombe, amejifunga kanga ya Nyangeta.

"Keti, Magesa."

Sikuketi. Nilisema langu kabla hajauliza. "Masatu anakata kona ovyo. Boti ikipinda, chambo kinalegea, kinazama. Atakila nani?"

"Mimi," anasema sangara. "Kikilegea kinafanana na samaki aliyechoka. Hapo ndipo mate yanaponitoka. Shemeji yako ni dereva mzuri sana. Juzi nilikifuata kile kijiko mdomo wazi, bado kidogo tu."

"Mbona ukarudi?"

"Lete mkono."

Nampa wa kulia. Anauchomoa wote kuanzia kwenye kiwiko. Hauumi. Anaunusa, anafumba macho. Samaki hana kope, lakini alifumba.

"Asubuhi nani anatia petroli kwenye mashine?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

"Huo."

"Na chambo, nani anakifunga?"

"Mimi. Masatu nikimwachia ataharibu."

"Kwa mkono gani?"

Nje ya dirisha wanapita sangara wadogo wakienda shule, wamejiziba pua kwa leso.

"Wanangu wanakohoa tangu masika," anasema.

Anachota tope sakafuni, anausugua mkono wangu kama sufuria iliyoungua. Mbele, nyuma, ndani ya kucha.

"Basi, mama, inatosha," mkono unalia.

"Bado. Na wewe ulikuwa unajua."

Akimaliza ananirudishia. Kwanza anaupachika kidole gumba kikiwa upande wa nje, anacheka, anaugeuza.

"Mafuta ashike mmoja, chambo ashike mwingine," anasema. "Nani na nani, mtajua wenyewe."

"Nikifanya hivyo, utakula?"

"Mimi? Nina wazimu? Lakini nina majirani wengi ambao sipatani nao."

Hapo bega langu likatikiswa.

"Baba Nyafuru! Kaka amefika. Unakwenda, huendi?"

Nikaketi kitandani. Nyangeta alikuwa ananitazama mkono.

"Umelala na uchafu huo kwenye shuka zangu?"

Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na tope jeusi, bichi. Za kushoto hazikuwa na kitu. Nikaunusa mkono. Harufu ya petroli ambayo sabuni zote zimeshindwa kuitoa haikuwepo. Ulinuka ziwa.

Masatu alisimama mlangoni na dumu la mafuta, uso umemshuka. Kumbe dada yake, niliyemwambia jana usiku, alishamnong'oneza.

"Shemeji, nasikia una neno na mimi."

"Ninalo. Kuanzia leo petroli utatia wewe."

Akasubiri. "Na lingine?"

"Chambo usiguse."

"Hayo tu?"

"Kona zako kata vilevile."

Akapumua. Akaweka dumu chini, akajifuta petroli ya kiganjani kwenye suruali, akaninyooshea mkono. Nikaficha wa kulia mgongoni, nikampa wa kushoto.

Akautazama ule mkono wa kushoto, akanitazama mimi.

"Shemeji, kwani tumegombana?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndiyo tumepatana."