Usubi Wenye Miguu ya Fedha

Saa nne asubuhi Devanti Manjhi alikuwa ameshapasua usubi kumi na saba. Kazi yake katika maabara ya wilaya, huku Bihar, ni kuwatambua: anawatoa kwenye mitego iliyolala vyumbani na mazizini, anawakata vichwa kwa sindano, anachungulia koo kwa hadubini. Mwenye meno kooni hana kesi na mtu. Asiye na meno, miguu yake myeupe kama fedha, ndiye anayebeba kalaazar, homa inayovimbisha bandama.

Wa kumi na nane alikuwa jike asiye na meno, tumbo limejaa damu. Alipompasua, alitoka yule aliyeumwa naye, kama wanavyotoka siku zote, mdogo kuliko punje ya ulezi, akaketi ukingoni mwa kioo. Alikuwa Sonmati, binti wa kaka yake, miaka saba, tumbo limevimba upande wa bandama.

"Hee, shangazi! Kumbe ndiko unakofanyia kazi?"

"Ndiko. Homa imeanza lini?"

"Baada ya sikukuu ya Holi. Bibi anasema nimezidisha maembe mabichi."

Devanti akahesabu siku. Wapuliza dawa ya usubi walifika mtaani kwao siku mbili kabla ya Holi. Alikuwa amemwambia Jha-ji, msimamizi wake, kwamba siku hizo wanawake hukandika kuta upya kwa udongo na samadi. Jha-ji akasema ratiba ni ratiba. Basi dawa ikapulizwa, kesho yake udongo ukakandikwa juu yake, na Devanti mwenyewe alikuwa amepiga magoti anakandika. Nani angemwambia mama yake sikukuu iikute nyumba chafu?

Alimwita Jha-ji, akaja akainama kutazama.

"Wa kwenu huyu?"

"Wa kaka yangu. Wapuliza dawa warudi, Jha-ji, nakuomba."

"Warudi wapi? Daftarini mmeshapuliziwa, nyumba zote thelathini na moja. Unataka niandike uongo?" Akajikuna sikio. "Na mwambie asitikise miguu, ataharibu sampuli."

"Nimetulia, babu," Sonmati akajibu.

Devanti akajaza fomu: jike, miguu ya fedha, nyumba ya Manjhi. Akadondosha gundi na kushusha kioo cha juu, akiacha upenyo kidogo upande wa kichwa cha Sonmati.

Jumamosi alikwenda kwao, akambeba Sonmati hadi zahanati. Nywele za mtoto zilinuka gundi. Foleni ilikuwa ndefu.

Jumatatu mtego wa mtaa ule ulileta majike ishirini na tisa. Kutoka kwa wa kwanza alitoka mama yake Devanti, mikono ingali na udongo, akauliza anawe wapi.