Nati ya Kahawa

Kasmiri alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jiko la Bwana Miwani, mzungu mwenye shamba, kinu cha kahawa amekibana katikati ya mapaja, anazungusha mpini. Kinu chenyewe kilikuwa kisanduku cha mbao chenye droo ndogo, na juu, chini ya mpini, kilikuwa na nati ya shaba. Ukiikaza nati, meno ya ndani yanakaribiana, kahawa inatoka laini kama poda; ukiilegeza, inatoka chenga. Bwana aliipenda laini, na nati kwa kuzungushwa hulegea yenyewe. Basi kila alfajiri Kasmiri aliikaza kidogo, na kila alipoikaza, mawe ya mpaka wa shamba la Bwana yalisogea kuelekea kijiji cha Mkotokuyana.

Hakuna aliyeyaona yakitembea. Jana yalikuwa kule ng'ambo ya mikorosho ya mzee Bashiri, leo yako upande wa huku, na majani nyuma yake yamelala kana kwamba mtu ameburuta gunia. Jiwe likishakipita kitu, kitu hicho ni cha Bwana. Ndiyo sheria, na mlinzi wa shamba alikuja na rungu kuieleza. Watu wa huku si watu wa makelele. Walihamisha mabanda ya kuku, wakang'oa mihogo kabla ya wakati wake, na wanawake wakiamkiana waliulizana habari za watoto, kisha habari za mawe.

Aliyegundua ni Teodosia, mke wa Kasmiri. Jumapili mumewe hakwenda kazini, alikuwa misani, na mawe yalishinda palepale. Akishikwa na homa, mawe nayo yanapumzika.

"Baba Fidelis," alimwuliza akimwekea ugali, "huko kazini unafanya nini?"

"Si napika."

"Na nini kingine?"

Akamweleza habari ya nati. Teodosia alisikiliza mpaka mwisho. Kisima alichochimba marehemu baba yake kilikuwa mbele ya mawe, si mbali, na kiangazi kilikuwa kinaanza. Kiangazi cha Nachingwea hakina mchezo: kisima kikienda, mtaa mzima utabaki kufukua mchanga mtoni.

"Basi ilegeze," alisema.

Akailegeza. Mawe hayakurudi, maji yakimwagika hayazoleki, lakini yalitulia. Bwana alipewa kahawa ya chenga. Akainywa, akatazama ndani ya kikombe. Mgala muue na haki yake mpe: hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana.

"Kasmiri, hii ni maji."

"Buni imeingia unyevu, Bwana."

Bwana akakubali. Siku iliyofuata akakubali tena, na ile iliyofuata, kwa tabasamu, na hapo ndipo Kasmiri alipoanza kuogopa. Mtu anayegomba kwa chumvi kuzidi kidogo, halafu kahawa mbovu hamgombezi mpishi! Woga ule alikwenda nao nyumbani na kurudi nao kazini.

Kisha akaja mgeni kutoka Lindi, mpima ardhi, na mnyororo wake wa kupimia. Bwana aliingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikichukua kinu mikononi mwa Kasmiri, akaikaza nati mpaka ikalia. Halafu akauliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Kile kisima kiko wapi hasa? Mbele ya jiwe, au pembeni?"

Kasmiri alilelewa kwamba mkubwa akiuliza hujibiwa.

"Kushoto kidogo, Bwana," alisema.

Alijisikia akisema, na alijisikia akimalizia na "Bwana". Mzungu akaigeuza nati kidogo tena, akamrudishia kinu.

"Saga. Mgeni asinywe maji."

Akasaga. Angeweza kukataa, watu husema hivyo wakiwa wameshiba. Dobi wa Bwana alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake yote miwili mizima; angekataa yeye, angesaga dobi.

Asubuhi kisima kilikuwa upande wa Bwana. Mpima ardhi alitandika mnyororo wake pale mawe yaliposimama, akasema mpaka uko sawasawa. Teodosia alimkuta mlinzi ameketi kwenye ukingo wa kisima cha baba yake. Akamwomba ruhusa ya kuteka, akapewa nusu debe. Alirudi akapika kwa maji hayo, akampakulia mumewe, wala hakumlaumu. Angemlaumu, Kasmiri angejua la kusema.

Magharibi ilipoingia akaja jirani yao, Bibi Mwamini, na kuku aliyefungwa miguu. Shamba lake la ufuta lilikuwa nyuma ya kisima, ndilo lililofuata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio ametueleza habari ya nati." Aliketi mkekani, akamweka kuku chini. "Tumekaa, tumesemezana. Mwenye nguvu mpishe. Hatukuja kukwambia uache kazi. Ukiacha wewe, atasaga mwingine asiyetujua. Tunaomba ukaze kidogo kidogo tu. Tuvune ufuta kwanza."

Kasmiri alitaka kumrudishia kuku wake, lakini Bibi Mwamini alikuwa ameshamfungua kamba, na kuku anadonoa uani pamoja na wa Teodosia.

"Kidogo kidogo kiasi gani, bibi?"

"Utajua wewe," alisema Bibi Mwamini, na hakuwa anamsimanga. "Sisi kahawa hatuinywi."

Alfajiri Kasmiri aliikaza nati kwa upana wa ukucha. Watu wa Mkotokuyana walikuwa wameshaingia shambani na miundu, wanakata ufuta ungali kijani.