Rivasi ya Ambrose

Tangu aolewe, Muriel Tansley alikuwa akila chakula cha jioni pamoja na giaboksi. Mumewe, Ambrose, hakuweza kumaliza viazi bila kwanza kuvipanga sahanini.

"Ona, mpenzi. Hiki kidogo ni gia yenye meno machache, hiki kikubwa kina meno mengi. Kidogo kizunguke weee, kikubwa ndiyo kwanza kinamaliza duru moja. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka."

"Ehee," Muriel aliitikia, akili yake ikiwa kwenye mawaridi.

Ambrose alizikwa majira ya baridi. Viazi vikawa viazi tu. Na mdogo wa marehemu, Gilbert, akaanza kulitolea macho gari lake.

Lilikuwa gari la kijani la viti viwili, kuukuu kuliko Muriel mwenyewe. Ambrose alikuwa amelitia gia za mashindano, zote zimekaribiana kama watoto waliofuatana. Kwenye tambarare liliruka kama sungura. Kwenye mlima ilikuwa balaa, maana gia yake ya kwanza ilikuwa na mbio za gia ya pili ya magari mengine, na nguvu haba.

Klabu yao ya magari ya zamani ilikuwa na desturi: mwanachama akifariki, mtu wa nyumbani kwake hulipandisha gari lake Kilima cha Hobley mwezi wa Mei, wenzake wakitazama kutoka kando ya barabara na chupa zao za chai. Gilbert alilizungumzia jambo hilo baa, mbele ya watu.

"Shemeji, ukilifikisha juu, sitalitaja tena. Likikushinda, naondoka nalo."

Muriel alikuwa ameshakunywa divai ya sheri. "Haya," akasema.

Siku ilipofika, gari lilipanda hadi kwenye kona, likakohoa, likazimika, likarudi kinyumenyume mpaka likajikita kwenye ua wa miiba. Klachi ilinuka kama soksi zilizoungua. Kondoo waliacha kula wakatazama.

"Libembeleze, mama!" mtu akapiga kelele. "Liimbie!"

"Majaribio ni mawili; limebaki moja tu, Bi Tansley," alisema mwenyekiti, Bwana Pomeroy, akivua kofia kana kwamba yuko mazishini tena.

Gilbert alikuwa tayari amekunjua turubai la kulifunikia gari. "Usijitese, shemeji. Gia hizi si za kilima. Hata Ambrose alijua."

Hata Ambrose alijua. Muriel alikumbuka njia ya mwinuko ya kuingilia nyumbani kwao, na Ambrose akiipanda na gari hili kinyumenyume kila siku, hata siku mama mkwe alipokuja. "Ingia kama watu!" Muriel alikuwa akimfokea. Akakumbuka pia kiazi kidogo kuliko vyote, pembeni, karibu na njegere. "Hiki ni cha rivasi, gia ya kurudi nyuma. Sikukigusa, ni kilekile cha kiwandani. Kina nguvu kuliko wenzake wote." Naye Muriel alikuwa amekichoma kwa uma akakila.

Akaliwasha gari, akalitoa kwenye miiba, akaligeuza litazame chini.

"Huyoo, anakwenda zake nyumbani!" Gilbert akacheka.

Muriel akatia rivasi, akapinda shingo, akaachia klachi taratibu. Gari likalia kama nguruwe anayeburutwa, likaanza kupanda, matako mbele, kwa mwendo wa bibi anayekwenda kanisani. Kwenye kona akamkuta Gilbert na turubai lake. Akampungia mkono.

"Si halali hiyo! Pomeroy, sema kitu!"

"Tulisema lifike juu," Pomeroy akajibu. "Uso wake uelekee wapi, hatukusema."

Gilbert alifika kileleni baada ya gari, kwa miguu, akihema. "Nani amekufundisha?"

"Kaka yako. Kila jioni." Muriel akapangusa vumbi kwenye kiti kitupu kando yake. "Ila sikuwa namsikiliza."

Usiku huo alichemsha viazi. Kile kidogo kuliko vyote akakiweka pembeni, karibu na njegere, na hakukila.