Spiriti Iliyotoka Kwenye Moshi

Kiwandani walimwita Mama Mabomba, na mwenyewe alilipenda jina hilo, maana mabomba yote ya mtambo ule mdogo nyuma ya tanuri la saruji aliyafunga kwa mikono yake. Mchoro ulikuwa wa mumewe. Wawili hao walikuwa wamepania kuunasa moshi wa tanuri kabla haujapaa, kuuosha vumbi, kuitoa hewa ya kaboni iliyomo, kisha kuichanganya na hidrojeni kwenye mtungi wa moto hadi itoke methanoli, spiriti ya kuendeshea injini na kutengenezea gundi na rangi.

Mama mkwe hakuacha kuwatania. "Nyie mnakamua moshi kama ng'ombe. Mkipata maziwa mniite."

Kisha mume akapata kazi ng'ambo, kwenye mtambo mkubwa wa aina hiyohiyo. "Mwaka mmoja tu," alisema. "Nijifunze, nirudi tumalize." Mwaka ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa nne. Alipiga simu kila Ijumaa bila kukosa, lakini simu haipashi kitanda joto. Mke alilala upande wake uleule wa ukutani, kana kwamba upande wa pili una mtu. Mambo ambayo angemwambia mumewe jikoni, akazoea kuyaambia mageji, vile vipimo vya presha vya mtambo: "Leo umepanda presha, shoga yangu, una nini?"

Jumanne moja, saa sita mchana, bomba la mwisho likakohoa, likatema matone mawili matatu, kisha kikashuka kijito chembamba, safi kama maji. Akakinga kibakuli cha chuma, akakipeleka uani, mbali na mitungi, akakiwasha. Hakuona kitu. Methanoli huwaka bila moshi, na juani moto wake hauonekani. Akasogeza kiganja, joto likampiga. Machozi yakamtoka huku akicheka peke yake kama mwehu.

Akampigia mumewe simu ya video.

"Tumepata! Tazama inavyowaka!"

"Wapi? Mbona naona bakuli tu?"

"Inawaka, mume wangu. Juani haionekani. Mpaka uwe hapa."

Mume akasema, "Nilitaka kukuambia Ijumaa. Nimetia saini tena. Miaka miwili."

Maneno mengi yalimpanda kooni, mengine ya matusi. Akasema tu, "Haya," akakata simu. Akakifunika kibakuli moto uzimike, akaandika vipimo vya siku hiyo, kisha akajifungia chooni akalia mpaka kofia yake ngumu ikadondoka.

Jioni alimweleza mama mkwe yote mawili. Siku hiyo bibi yule hakutania. Alimshika mkono, akasema, "Hata mimi nina hamu naye, mwanangu."

Jumatano, wakati wa chai ya saa nne, simu ikaita. Haikuwa siku yake ya kupiga.

"Nimeshindwa kufanya kazi," mumewe alisema. "Ule moto ambao sikuuona, joto lake. Lilikuwaje?"

Mama Mabomba akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Linaanzia kwenye ncha za vidole. Kavu. Halina harufu ya moshi hata kidogo."

"Kama nini?"

Akafikiri. "Kama mtu aliyesimama karibu yako sana, lakini hajakugusa."

Akamsikia mumewe akipumua. Chai ikapoa, kengele ya kurudi kazini ikalia, na hakuna aliyekata simu.