Jina Chini ya Bango

Herminia Ccorahua hakuwa na ofisi, hakuwa na mwajiri, hakuwa na leseni. Maji ya bomba hakuwa nayo. Yalipanda kilimani kwa boza, siku ambayo boza lilijisikia kupanda. Hakuwa na kiti cha wageni, hivyo wateja wake, wengi wao wanamuziki, walikalia ndoo ya wino na kuondoka na duara la waridi kwenye suruali. Mama hakuwa naye. Na tangu Jumanne hakuwa na meza.

Pale meza iliposimama palibaki mstatili wa sakafu safi, saruji ambayo haikuwahi kudondokewa na tone la rangi. Baba yake, Mzee Teodosio, aliweka kigoda kando ya mstatili huo. Hakukanyaga ndani.

"Wameibeba na miguu yake?" aliuliza tena.

"Na miguu yake, baba."

"Ule wa nyuma umelegea. Uliwaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakiiburuta watauvunja. Wataiburuta tu. Watu wa manispaa hawajui kunyanyua kitu."

Mbao za meza ile alizishusha mwenyewe kutoka bonde la Mantaro, juu ya paa la basi, enzi ambazo nusu ya bonde ilikuwa ikihamia Lima. Juu ya meza hiyo alichapa mabango ya kila bendi ya kumbia na kila mwimbaji wa milimani aliyekuja kujaribu bahati mjini. Herufi alizikata kwa wembe, zimevimba na kupindana kama nyoka walioshiba. Rangi zake ziliwaka: waridi, manjano, kijani, ili dereva azisome hata ndani ya ule ukungu wa Lima unaolowesha bila kunyesha. Dawa za kuoshea wino zilimla macho polepole. Sasa mwandiko wa kalamu hakuuona kabisa, na sura ya bintiye aliiona kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Lakini kijani cha kuwaka bado alikiona barabara, na mkono ulikuwa haujasahau herufi hata moja.

Herminia alijifunza kompyuta kwenye chuo cha jioni. Msimu ule alikuwa amemaliza jalada la albamu ya kundi moja la kumbia, tiketi za mpiga kinubi wa Huancayo, pazia la kikundi cha maigizo, na kitabu kidogo cha maonyesho ya wafumaji wawili. Alichora kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka, kisha akachapa mezani.

"Kompyuta inawaza," Mzee Teodosio alipenda kuwaambia wateja, "lakini anayesema ni meza."

Sheria yake ilikuwa moja. Chini ya kila bango lazima jina liwepo, na mahali mtu anapopatikana. Bango lisilo na jina, alisema, ni mtoto aliyeachwa mlangoni pa watu.

Kazi iliyowaponza ilitoka Nyumba ya Sanaa ya Magnolia, kule wilaya ya baharini. Mkurugenzi wake, Bi Ximena Larrabure, alipanda kilima mwenyewe, miwani myeusi usoni na viatu mkononi. Alitaka bango la maonyesho ya muziki na sanaa ya wahamiaji. Aligusa meza kwa kiganja kizima, akafumba macho. "Hii," akasema, "hii ndiyo Peru."

Herminia alichora kinubi ambacho nyuzi zake zilikuwa njia za kupanda kilimani, na mwisho wa kila uzi taa ya nyumba. Hakuwahi kuchora kitu kama kile. Aliuwaza mchoro hata asubuhi akichota maji, hata akimenya viazi. Baba hakuweza kuuona mchoro kwenye kioo, lakini karatasi ya kwanza ilipotoka, kijani juu ya weusi, aliisogeza puani na kukaa nayo muda mrefu.

"Huu umenipita," akasema.

Kwa mzee yule, hayo yalikuwa maneno mengi.

Mabango yalipelekwa Magnolia yakapokewa kwa shukrani. Yakarundikwa kabatini. Na hapo ndipo Herminia alipokosea, kosa ambalo kilimani hakuna angeliita kosa. Kwao anayechapa ndiye anayebandika. Bango lililolala ni kazi haijaisha. Mwenye bendi akilikuta limelala, anakusema mtaa mzima. Kwa hiyo alikoroga gundi ya unga, akamchukua binamu yake Wilfredo, na alfajiri wakabandika karatasi zilizobaki nyumbani kwenye barabara nzima ya baharini, toka mzunguko hadi lango la Magnolia. Walifanya kazi nzuri. Hakuna kona iliyonyanyuka.

Kabla ya chakula cha mchana wafagiaji wa wilaya walikuwa wakiyabandua. Anwani haikuhitaji kutafutwa. Ilikuwa pale chini, kwa herufi za manjano. Jumanne manispaa walipanda kilimani, wakaibeba meza.

Bi Ximena alimpokea Herminia kwenye chumba cha maonyesho. Wakili wa nyumba, Bwana Garrido, alikuwa ameketi akila karanga. Kinubi kilining'inia ukutani nyuma ya kioo, kimewekewa taa yake peke yake. Fremu ilikuwa nene. Ilikuwa imefunika ukingo wote wa chini wa bango.

"Nani alikutuma ubandike, binti?" Bi Ximena aliuliza.

"Hakuna aliyenituma. Bango hubandikwa, Bi Ximena."

"Haya ni ya kukusanywa, binti. Watu wanayanunua, wanayatia kioo."

"Sasa watu watajuaje kama kuna maonyesho?"

Bwana Garrido akacheka, karanga nusura impalie. "Hapo kakushika, Ximena."

"Nataka meza ya baba yangu," Herminia alisema. "Hayo mengine mtanisema mtakavyo."

Wakili akafuta vidole. Hakuwa mtu mkali. Alieleza kama mfamasia anayeeleza dawa. "Sheria ndogo ya wilaya iko hivi. Bango la mtu asiye na leseni ni taka. Vifaa vilivyolitengeneza vinakamatwa, na mwisho wa mwezi vinapasuliwa na kuchomwa. Bango la taasisi ya utamaduni iliyosajiliwa ni utamaduni. Hilo halina adhabu hata likibandikwa juu ya kanisa."

"Lakini bango ni lile lile, bwana wakili."

"Ndiyo maana tunaweza kukusaidia."

Barua, alisema. Kwa mkono wake, sio ya kuchapa, manispaa wanapenda mwandiko. Aseme mchoro ulibuniwa na Magnolia. Yeye alikuwa kibarua wa kuvuta wino tu.

"Na jina langu pale chini?"

"Liliingia kwa makosa."

Herminia alitazama kinubi. Taa za mwisho wa nyuzi aliziweka kwa mpangilio wa mtaa wao. Ile ya tatu kutoka juu ilikuwa ya kwao. "Wateja wangu wakiniuliza nimefanya nini mwaka huu, huu siwezi kuwaonyesha?"

"Utachora mingine," alisema Bi Ximena, akamshika bega. Mkono wake ulinukia maua. "Kipaji hakimaliziki, mwanangu. Na huu unakwenda Madrid mwezi ujao, ni vizuri karatasi zake ziwe safi. Kwa faida ya wote."

"Meza itarudi lini?"

"Barua ikipokelewa asubuhi," wakili alisema, "mchana unakwenda kuichukua na gari."

"Leseni je? Nikiomba leseni?"

Bwana Garrido aliangalia viatu vya Herminia, vumbi la kilima likiwa bado kwenye mishono. "Leseni inataka jengo lenye maji ya bomba," akasema, akachukua karanga nyingine.

Nyumbani aliandikia juu ya ndoo. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati. Mzee Teodosio alisikia kalamu, akageuza sikio.

"Unawaandikia wale?"

"Ndiyo."

"Nisomee."

Herminia akasafisha koo. "Mimi, Herminia Ccorahua, binti Teodosio, mchapaji, natamka mbele ya manispaa kwamba mchoro wa kinubi uliobandikwa barabara ya baharini..."

Akakwama. Maneno ya wakili yaliyofuata yalikuwa yameshaandikwa, na wino wake umekauka.

"...ni wangu," baba akamalizia, akipiga goti kwa kiganja. "Hivyo hivyo! Usiwazungukie. Mtu akiiona kazi na akamwona na mwenyewe amesimama, anaona haya. Wataileta. Umetia jina chini?"

"Nimetia, baba."

"Kubwa?"

"La kutosha."

"Wewe siku zote unaandika jina lako kama unaomba radhi. Lete bahasha."

Akampa. Mzee akapapasa rafuni, akapata kopo la rangi ya kijani ambalo manispaa walilisahau na brashi ya mkia mwembamba. Aliilaza bahasha pajani. Hakutazama, mkono ulikwenda wenyewe, ukapanda, ukapinda, ukavimba, na herufi zikatoka zimekumbatiana kutoka ncha hadi ncha. HERMINIA CCORAHUA. Akakwangua waridi lililobaki ukingoni mwa ndoo, akaongeza kivuli. Mwisho akaiinua karibu na jicho, akacheka, kwa sababu hiyo aliiona.

"Bango dogo," akasema.

Rangi ilipokauka Herminia alikunja barua mara tatu. Gamu ya bahasha ilikuwa imelika kwa unyevu, haikushika. Chini ya ndoo ya kubandikia kulikuwa na gundi ya unga iliyobaki, imeanza kuchacha. Akaichota kwa kidole, akapaka, akabana ukingo kwa ukucha kama anavyobana pembe ya bango ukutani, mpaka pakawa laini.

Asubuhi aliipitisha kwenye dirisha la kupokelea nyaraka za wilaya. Karani aliigeuza, akaigeuza tena.

"Maandishi haya kafanya nani?"

"Baba yangu."

"Mazuri. Ila makubwa mno, dada. Muhuri nitaupiga wapi?"

Alitafuta nafasi nyeupe, hakuiona. Akapiga juu ya jina, mara mbili, maana ya kwanza haikutokea vizuri, akaitupa bahasha kikapuni.

"Anayefuata."