Dakika Ishirini za Fundi Saa

Fundi saa alifunga kibanda chake mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa. Mchumba wake, mpishi wa shule, alishajipima VVU nyumbani kwake na kujikuta salama. Sasa alikuwa amemwachia na yeye kipimo, na neno moja tu: kabla ya ndoa, nataka kujua. Haki yake. Lakini fundi alikuwa na ya nyuma. Ujana ni moshi, na moshi mwingine huacha masizi.

Humo ndani akapitisha kijiti kwenye fizi, akakitumbukiza kwenye kichupa, akaikazia macho saa ya mezani. Maelezo yalisema asome baada ya dakika ishirini, asipitishe arobaini. Mstari mmoja, huna. Miwili, nenda zahanati wakupime upya.

Dakika zikakokota miguu. Zilipotimia, akainama. Mstari wa kwanza huo hapo. Na wa pili, hafifu kama uzi uliochuja rangi.

Papo hapo hodi ikapigwa, na sauti ilikuwa ya mchumba wake. Angeweza kukificha kipimo kwenye kopo la skrubu na kusema hajajipima bado. Uongo ulishafika ulimini. Akaumeza, akafungua mlango.

"Mwenzangu, ni miwili."

Mpishi akakitazama, kisha akaitazama meza. "Umehesabu kwa saa gani?"

"Hii hapa. Dakika ishirini kamili."

"Hii si ya mwenye nyumba wangu, niliyokuletea kwa sababu inachelewa? Nimepita hapa nikakuta umefunga, nikaenda sokoni, nimebishania vitunguu mpaka koo limekauka, ndiyo narudi. Dakika ishirini gani hizo, bwana?"

Kule zahanati nesi alimtoboa kidole. Muda wote wa kungoja, mpishi alikuwa amemshika mkono ule mwingine.

"Huna virusi," nesi akasema. "Kile ulikisoma kimeshapitiliza muda, ndiyo maana kikakudanganya. Fundi saa mzima! Kweli mganga hajigangi."

Fundi akalia machozi ya furaha, bila haya. Walipofika nje akauliza, "Na ingekuwa kweli?"

"Ungeanza dawa, tungeoana, na mimi ndiye ningekukumbusha saa ya kumeza," mpishi akasema, mkono bado hajauachia. "Maana saa zako nimeshaziona."